Maneno Hamsini na Matatu ya Kusema

Nilikuwa na daftari lenye maneno hamsini na matatu ya Kiingereza, yote yenye maana ya kusema. Usicheke. Hapa Nkwantaso, enzi zile za Waingereza, mwandishi wa barua alipimwa kwa hayo. Mengine niliyaokota shule ya misheni, mengine kwenye magazeti yaliyokuja na lori la kakao kutoka pwani, mengine kwenye hukumu za mahakama nilizowasomea wateja huku wakilia. Niliyapanga kwa vyeo. Chini kabisa liliketi "say", neno la watoto na wauza nyanya. Juu yake "state", kisha "declare", kisha "affirm", na huko kileleni maneno ambayo nilishuku hata Mkuu wa Wilaya huyafungulia kamusi.

Sisi waandishi wa barua tulikuwa na sharti letu, na hakuna Mwingereza aliyetufundisha. Katika ombi moja, neno la kusema halirudiwi. Mteja akisema mara kumi, atasema kwa maneno kumi mbalimbali. Wateja wenyewe walilijua sharti hilo. Nikiwasomea ombi lililokamilika hawakuelewa hata chembe, lakini walitega sikio wakamate neno lililorudi, na nisiporudia wananishika mkono kwa heshima na kuniachia kuku. Aidoo, mshindani wangu wa ng'ambo ya barabara, alikuwa na maneno thelathini na tisa tu. Nililala usingizi mzuri kwa sababu ya hayo kumi na manne niliyomzidi.

Sharti la pili lilikuwa kwamba aibu ya mteja haiandikwi. Mtu huingia kwa mwandishi na matope miguuni, na kazi ya mwandishi ni kufagia kabla mzungu hajaona. Nakwambia haya mapema ili usije ukanihurumia mbele ya safari.

Mama Nyarkoa alikuja siku ya soko, asubuhi, na kapu la mihogo ambayo hakuwa na haja ya kuiuza. Alikuwa mwanamke wa mdomo, mji mzima ulimwogopa. Binti yake Serwaa aliachwa na mumewe, Yaw Anane, na tangu siku hiyo Nyarkoa alikuwa akimlaani Anane kisimani, sokoni na kwenye misiba ya watu wasiomhusu. Sasa Anane alikuwa katika gereza la pwani akingoja kunyongwa. Walisema alimuua Lartey, mpima kakao, Jumamosi moja mchana, ndani ya kibanda cha mizani. Kweli asubuhi ile waligombana juu ya mizani, watu waliwasikia. Anane aliwaambia polisi kwamba saa za mauaji alikuwa kwa mama mkwe wake wa zamani. Polisi wakaenda kwa Nyarkoa, akawaambia hakumwona.

"Andika, Karani," aliniambia kabla hajakaa. "Niliwaambia polisi sikumwona. Nilisema uongo. Alikuwa kwangu."

Nilimuuliza alikuwa akifanya nini huko, kwa uadui ule.

"Alikuja kuomba amwone mtoto wake, Dufie. Nikamwambia, unataka mtoto? Shika mchi. Nikamtwangisha fufu la mihogo la nyumba nzima. Likaisha, nikamletea la jirani. Nikamwambia hili lina mabonge, rudia. Jua linazama yuko kwenye kinu, shati limemganda mgongoni. Nilikuwa nafurahi, Karani. Na mtoto sikumwonyesha."

"Sasa polisi uliwadanganya kwa nini?"

"Kwa sababu simpendi. Hata leo simpendi. Nilidhani watamweka ndani mwaka mmoja, adabu imwingie. Sikujua habari ya kamba."

Hapo mdomo ule wote ukaisha. Alilia kama mtu anayetapika, kwa kushika tumbo, na mimi nikawa natazama mihogo. Aliniambia siku imeshatajwa, Ijumaa, wiki ya tatu kuanzia pale. Aliniambia kwamba hali wala hanywi, na kwamba kila akisikia mtu anatwanga anakimbilia nje ya ua. Halafu akanishika kifundo cha mkono. Alinitaka niandike vilevile alivyosema, maneno yake matatu ya mwanzo, nisimpambe.

Nilimweleza kwa upole wa mtu anayejua kazi yake. Ukimwambia Gavana wewe ni mwongo, atakuamini kwa lipi? Tena watakufunga. Akajibu wamfunge. Nikamwambia mama, niachie mimi, wewe hukusoma. Neno hilo nalikumbuka kila siku, hilo la wewe hukusoma.

Nikamwandikia Gavana, kupitia kwa Mkuu wa Wilaya, ombi la aya kumi na mbili, na lilikuwa zuri. Mama Nyarkoa alitangaza, akathibitisha, akakariri, akasisitiza, akaungama utii wake kwa Mfalme, yote kwa Kiingereza cha kileleni. Uongo aliowaambia polisi niliufagia. Nilifika aya ya saba, ile yenyewe, ya kwamba Anane alikuwa uani kwake, nikakuta maneno yangu mazuri nimeshayatumia kwenye salamu na kwenye habari za kilimo chake. Zamu ikaliangukia "allege". Hilo Mwingereza hulitumia anapoandika maneno ya mtu ambayo yeye mwenyewe hayawekei dhamana, kama anayebeba samaki aliyeoza kwa vidole viwili. Maana yake niliijua. Nililiona kwenye hukumu mara mia. Ningeweza kurudia "state" na mbingu isianguke, lakini Aidoo angesikia.

Nilimsomea. Alitega sikio, hakuna lililorudi. Akauliza kama yote yamo, nami nikajibu yamo, tena yamependeza.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na mbili, Jumamosi, likiwa limebaki juma moja kasoro siku moja hadi Ijumaa ile. Bahasha ilikuwa na muhuri wa Mkuu wa Wilaya. Barua yenyewe ilikuwa fupi. Ilisema ombi limekataliwa. Ilisema mwombaji mwenyewe, katika aya ya saba, anadai tu, kwa neno ambalo hata mwandishi wake hakuthubutu kulipa uzito, na kwamba haelezi hata kidogo kwa nini aliwaambia polisi kinyume chake. Niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena nikiwa nimekaa.

Nyarkoa alikuwa ameiona baiskeli ya posta ikipita sokoni na alifika nyuma yake akihema. Nilimwambia wamekataa tu, ndivyo wazungu walivyo. Hakulia safari hii. Aliniambia nimsomee lile ombi langu, nakala yake, kwa lugha yetu.

"Lote?"

"Lote. Nataka kusikia niliyosema."

Hapo ndipo maji yaliponifika shingoni. Katika Kitwi, kusema ni kusema. Nilianza kusoma, na kila neno langu la kileleni lilishuka likarudi kuwa lile moja. Nyarkoa anasema yeye ni mkulima. Nyarkoa anasema anamheshimu Mfalme. Nyarkoa anasema mvua zilikuwa nzuri. Aya ya saba niliisoma harakaharaka. Alinisubiri hadi mwisho, kwa subira ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Na pale niliposema nilidanganya, pako wapi?"

Nilisema jambo hilo haliandikwi, ni utaratibu.

"Nakuuliza pako wapi, Ntow."

"Hapapo."

Alitoka. Nilidhani anakwenda kwao. Akaenda akasimama katikati ya soko, kati ya wauza samaki wakavu na wauza vitambaa, akakitaja kiapo cha Nana, chifu wetu, dhidi yangu, kwa jina langu na jina la mama yangu.

Kwetu hakuna kitu kizito kuliko hicho. Kiapo kile ni siku moja ya maafa, siku ambayo chifu wetu wa zamani alizama mtoni na wanawe, na hakuna mtu anayeitamka bure. Mimi sitaiandika hapa. Mtu akiitamka, biashara husimama, matarishi wa Nana huwakamata wote wawili, aliyetaja na aliyetajiwa, na Nana hawezi kukataa kusikiliza. Aliyeshindwa hutoa kondoo na jina lake haliinuki tena. Alisema hivi: kwa siku ile, Ntow hakuandika nilichosema. Nilimwona Aidoo amesimama barazani kwake na kalamu sikioni.

Jumatatu tulipelekwa kwenye baraza la Nana. Nana Baffuo alikaa chini ya mwavuli wake, na msemaji wake, mzee Kyei, akanirudishia maneno yale kwa sauti ya chini, maana hata yeye hupunguza sauti kwa kiapo hicho. Akaniuliza najibuje. Mtu aliyetajiwa kiapo ana njia tatu. Anaweza kukitaja naye, kwamba mwenzake ni mwongo, na kesi ianze. Anaweza kukubali. Au anaweza kuomba siku, akashauriane na watu wa ukoo wa mama yake.

Kukubali kulikuwa kama kuuza kibanda changu na daftari langu na miaka ishirini ya kuamkiwa Karani. Kukitaja kwa uongo sikuthubutu, mimi si mwendawazimu. Niliomba siku.

Nyarkoa alipiga magoti kwenye vumbi pale pale, akamsahau hata msemaji, akamwambia Nana moja kwa moja.

"Siku zipi, Nana? Mtu wetu ana Ijumaa tu. Huyu anajua jibu lake sasa hivi, limo mdomoni mwake. Mwambieni ateme."

Watu walimkemea kwa kuruka ngazi. Nana alisema siku ni haki ya kila aliyetajiwa, hata yeye mwenyewe hawezi kuninyima, baraza litakaa tena Alhamisi asubuhi. Kisha akaniuliza kupitia kwa Kyei, kama nazitaka kweli hizo siku. Nikasema nazitaka.

Nilikwenda kwa mjomba wangu kijijini, mwendo wa saa nne kwa miguu. Alikuwa akianika kakao. Nilimweleza yote, akaendelea kugeuza mbegu kwa mguu, halafu akaniuliza swali moja tu, niliandika au sikuandika. Nikasema sikuandika. Akasema basi umekuja kuuliza nini huku, akaniletea maji ya kunywa, na ushauri ukawa umekwisha.

Jumanne jioni nilikuwa nimesharudi. Jumatano nzima nilijifungia. Ningeweza kwenda kwa Nana siku hiyo, nikagonga, nikasema neno moja. Msemaji wake alikaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, nilisikia akikohoa. Nilichofanya ni kulifungua daftari. Nilitafuta neno la kukubali lisilokubali. Nilitafuta kuanzia "say" hadi kileleni, nikarudi chini, nikapanda tena. Nilikuwa natafuta neno la hamsini na nne. Nje wanawake walikuwa wakitwanga fufu la jioni, na nikamkumbuka Nyarkoa anayekimbia ua wake, na bado sikutoka.

Alhamisi Kyei aliniuliza tena. Nikasema, "Ni kweli. Alichosema sikukiandika."

Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Nyarkoa hakunitazama hata mara moja. Alisimama, akasema mbele ya baraza yale maneno yake matatu, na karani wa baraza, kijana asiye na madaha, akayaandika kwa Kiingereza kama yalivyotoka: niliwaambia polisi sikumwona, nilisema uongo, alikuwa kwangu. Akaandika na langu chini yake. Nana akagonga muhuri. Neno la Nyarkoa peke yake wangelikataa tena, lakini kitabu cha baraza kilikuwa kitu cha serikali, Mkuu wa Wilaya alitakiwa kukisoma na kukitia sahihi, na tarishi akatumwa nacho palepale. Mimi na Nyarkoa tulipanda naye lori la kakao. Ilikuwa maili kumi na nane, na daraja la katikati lilikuwa likitengenezwa. Tulingoja mafundi wapange mbao. Nilishuka nikawasaidia kubeba, na mikono yangu laini ya karani ikachubuka, na nikashukuru kuchubuka.

Tulifika jua linashuka. Mkuu wa Wilaya alikuwa amerudi punde kutoka ziara ya siku ile, buti zina udongo. Alisoma amesimama mlangoni. Nilimwona akifika kwenye sentensi ya pili, ile ya uongo, akarudi juu akaisoma tena, kisha akanitazama. Sura yake ilibadilika. Aliniuliza kama mama huyu anajua atashtakiwa. Nikamtafsiria Nyarkoa. Akasema, "Mwambie anifunge kesho. Leo aandike."

Yule mzungu alitoka bila kofia. Nimewachukia wengi wao, lakini huyo siku ile sikumchukia. Alimtoa nyumbani fundi wa simu za waya, akamfungulisha posta, akaandika mwenyewe. Fundi aligonga, akangoja, akagonga tena. Pwani hapakuwa na wa kujibu. Ofisi ya huko ilikuwa imefungwa, na fundi alieleza kwamba hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi. Walijaribu mji mwingine, na mwingine. Mkuu wa Wilaya aliuliza gari lake lina petroli kiasi gani, kisha yeye mwenyewe akahesabu maili na daraja lile, maana njia ya pwani hupita hapohapo, akaona hatawahi. Halafu akaniambia nimtafsirie mama saa za gereza, akageukia ukuta.

"Anasema nini?" Nyarkoa aliniuliza.

Maneno yote hamsini na matatu yalikuwepo kichwani. Nilikuwa na ya kulainisha, ya kuzungusha, ya kupaka mafuta. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kiapo.

"Anasema simu itafika saa moja na nusu. Kamba ni saa moja."

Aliketi sakafuni. Gari la Mkuu wa Wilaya liliondoka hata hivyo, na yeye ndani yake, nasi tukabaki kwenye baraza ya posta. Sitaki kusimulia jinsi kulivyokucha. Saa moja na nusu fundi aligonga, na safari hii pwani ikajibu. Walisema wamepokea. Baadaye kidogo wakasema jingine. Gari lilikuwa limekwama ng'ambo ya daraja.

Nyarkoa alifungwa miezi mitatu kwa kuwadanganya polisi. Hakuna sheria iliyonifunga mimi. Nilitoa kondoo wa Nana, nikafunga kibanda, Aidoo akachukua wateja. Nilipokutana naye njiani alinipisha, na afadhali angenitukana. Nilihesabu siku zangu mara nyingi. Kumi na mbili zilizoliwa na ombi langu, kwa hizo niliweza kumlaumu mwalimu wa misheni, au wateja na masikio yao. Jumatatu hadi Alhamisi sikuwa na wa kumlaumu. Kama ningesema Jumatatu, simu ingefika mchana uleule.

Alipotoka gerezani alikuja kwangu. Alikuwa amekonda, na sauti yake imeshuka. Alikuwa na karatasi moja, safi, ameikunja ndani ya kitambaa. Alinitaka niandike kwa lugha yetu, kwa ajili ya mjukuu wake, siku Dufie atakapojua kusoma. Nilimwambia kuna Aidoo. Akasema Aidoo hajui ilivyokuwa.

Akanisemea, nikaandika. "Baba yako hakuua mtu. Siku ile alikuja kwangu akasema anataka kukuona. Nikamtwangisha hadi jioni, nikamnyima. Polisi walipokuja, nikasema sikumwona."

Nilimsomea. Alitega sikio kama zamani.

"Umerudia neno," alisema.

"Nimerudia."

"Vizuri."

Alikunja karatasi. Nilimwomba aniachie niongeze mstari mmoja chini, juu yangu, juu ya zile siku nilizoomba barazani. Nilimwomba kwa kulia, sioni haya kusema. Aliiingiza karatasi kwenye kitambaa, akafunga fundo.

"Hapana, Ntow. Hii ni ya uongo wangu. Huo wako utafutie karatasi yako."

Nyuma ya yale maneno hamsini na matatu, daftari lilikuwa limebakiza kurasa tupu. Sasa zimejaa. Dufie ana miaka kumi na minne, anasoma vizuri, na kesho nitampelekea.